Gari linakunywa, au sisi ndio hatujui kuhesabu? Mukono–Kampala, namba za miezi mitatu

Msafiri wa Mukono

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu na una hesabu ndani yake, naomba mnivumilie.

Naendesha Toyota Premio ya 2004, injini ya 1.8, otomatiki. Nalala Mukono, kazi iko Kampala upande wa viwandani. Kwenda na kurudi, pamoja na kumwacha mama watoto Nakawa, ni kilomita 44. Kwa miaka miwili nimelalamika kama kila mtu: gari hili linakunywa. Mtu akiniuliza linakunywa kiasi gani, nilikuwa na jibu tayari: "Ya elfu thelathini kwa siku."

Siku moja shemeji yangu, mhasibu, tena hana gari, akaniuliza: hiyo ya elfu thelathini ni lita ngapi? Nikakaa kimya. Nilikuwa sijui.

Ukiangalia vizuri, sisi hapa hatununui mafuta kwa lita. Unafika sheli, unashusha kioo, unasema "weka ya ishirini", unaondoka. Bei ikipanda, ya ishirini inabaki ya ishirini, ila mshale wa geji unainuka kidogo kuliko juzi na lawama linabeba gari. Siku gari likiharibika kweli pia hujui, kwa sababu umeshazoea kulilaumu.

Basi Jumamosi moja nikaenda nikajaza mpaka pampu ikakata yenyewe. Kijana wa pampu akataka kuongeza kidogo ifike namba nzuri, nikamkatalia. Nikarudisha tripu kwenye sifuri. Nikaendesha wiki nzima kwa mwendo wangu ule ule wa siku zote, kisha nikarudi sheli ile ile, pampu ile ile, nikajaza tena mpaka ikakata. Tripu ilisoma kilomita 312. Pampu ikasoma lita 39. Gawanya: kilomita 8 kwa lita. Nilinunua kwa 5,200, kwa hiyo kila kilomita moja ilinigharimu shilingi 650.

Hiyo 650 ndiyo iliyoniamsha. Duka la mkate liko kilomita moja na nusu kutoka getini kwangu. Kumbe kila nikifuata mkate kwa gari, mkate ulikuwa na nauli yake ya karibu elfu mbili.

Nilichofanya tangu hapo:

Kwanza tairi na filta ya hewa. Kibandiko kwenye mlango wa dereva kinasema upepo 32. Zangu zilikuwa 24, 26, 22 na 25. Filta ilikuwa nyekundu kwa vumbi la murram, ukiigonga ukutani unapata udongo wa kupandia mche. Tangi lililofuata: 8.5 kwa lita.

Pili, rafiki yangu ana kile kiskana kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinasoma kwenye simu. Tukatoka hadi Namawojolo kwa mwendo wa 80. Joto la injini likagoma kwenye nyuzi 68, halikuvuka 74. Akaniambia kwa injini hii linapaswa kuwa 82 kwenda juu, huna thamostati wewe, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Nikakumbuka: mwaka juzi gari lilichemka, fundi akaniambia "nimelitibu". Kumbe tiba ilikuwa kuing'oa na kuitupa. Tangu siku hiyo kompyuta ya gari inaona injini bado ya baridi na inaendelea kuizidishia mafuta, kama saa zote ni alfajiri. Thamostati mpya, kulanti, ufundi na ile filta, jumla 220,000. Matangi yaliyofuata: 9.6.

Tatu, saa. Nilikuwa natoka saa 12:50 asubuhi, sasa natoka 11:45. Mama watoto bado hajanisamehe. Matangi ya baada ya hapo: 11.0 kwa lita.

Kwa bei ile ile ya 5,200, kilomita imeshuka kutoka 650 hadi 473. Kwa siku, kutoka 28,600 hadi kama 20,800. Kwa siku 24 za kazi ni karibu 187,000 zinazobaki mfukoni.

Swali langu: kuna nini kingine ninachopitwa nacho? Waliponiuzia gari bondi (yadi ya magari yaliyoagizwa nje) waliniambia linafanya 16.

Kijana wa Kireka

Hiyo 16 ni ya Japani, kaka. Gari linapimwa maabara juu ya magurudumu ya mashine, bila AC, bila vumbi, bila jamu ya Bweyogerere. Hakuna aliyekudanganya, ila namba yenyewe haijawahi kuja Uganda.

Mimi ni Mkenya, niko hapa mwaka wa tano, na bado sijazoea kitu kimoja. Kwetu EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei ya juu kabisa kila tarehe 14, mji mzima unajua. Tanzania kuna EWURA, nayo hupanga bei. Hapa kila sheli na bei yake, mbili zinazotazamana barabarani zinatofautiana. Kwa nini mleta uzi hazunguki akatafuta ya bei nafuu?

Mhesabu wa Ntinda

Azunguke, lakini apige hesabu kwanza. Sheli ya mbali ina nafuu ya shilingi 100 kwa lita. Akijaza lita 40 ameokoa 4,000. Kama inamtoa njiani kilomita sita kwenda na kurudi, kwa zile 650 zake za zamani anateketeza 3,900. Amefanya safari yote ile kwa faida ya shilingi mia moja. Kwa 473 za sasa anabakiwa na elfu moja na ushee, na hapo sijaweka foleni. Nafuu iwe njiani pako, au iache.

Mleta uzi, nina neno na vipimo vyako pia. Pampu kukata si sayansi. Gari likiinama kidogo tu pale sheli, inakata mapema au inachelewa, na lita moja ya tofauti ni kawaida. Hizo 39 zako zingeweza kuwa 38 au 40, yaani kati ya 7.8 na 8.2. Kwa hiyo 8 kwenda 8.5 kwa tangi moja mimi sikupi ushindi. Huenda ni tairi, huenda wiki ile shule zilifungwa. Pima matangi matatu, jumlisha kilomita zote, jumlisha lita zote, ndipo ugawanye. Wale wanaopima kwa "nimeweka ya ishirini nimefika mpaka wapi" hata sina la kuwaambia.

Msafiri wa Mukono

@Mhesabu wa Ntinda nakubali kuhusu tairi. Na umenishtua, maana wiki ile shule zilikuwa zimefungwa kweli. Ila 9.6 ni wastani wa matangi mawili na 11.0 ni ya matatu.

Fundi wa Ndeeba

Nimesoma mpaka kwenye "tiba" nikajua sasa mafundi tutatukanwa.

Ngojeni niwaambie mambo yalivyo. Mteja anakuja gari linachemka. Namwambia rejeta imeziba, kifuniko chake hakishiki, feni haizunguki kwa nguvu, tupige kazi ya laki tatu. Anasema ana elfu thelathini, na kesho anakwenda msibani Masaka. Nifanye nini? Nikiitoa thamostati maji yanazunguka muda wote, gari linafika Masaka. Akirudi namwambia njoo tumalizie. Harudi. Gari halichemki tena, arudie nini? Miaka miwili baadaye anaandika mtandaoni kwamba fundi ni mwizi.

Sisemi ni sawa. Injini ikifanya kazi ikiwa baridi hula mafuta na huchakaa mapema, kila fundi anajua. Nasema tu ile thamostati uliitupa wewe na fundi wako mkiwa wawili.

Msafiri wa Mukono

Fundi, nimekusikia. Na kweli nilikuwa na elfu arobaini siku ile.

Mama Vitz

Mimi naendesha teksi ya mtandaoni, kwa hiyo hesabu ya kilomita ndiyo ugali wangu. Mwenye kazi hii akisema "linakunywa" bila namba, mwezi hauishi ameshauza gari.

Kaka umetaja saa ukapita haraka, na mimi naona hapo ndipo penye pesa nyingi. Injini ndogo ikiunguruma imesimama hula karibu robo tatu ya lita kwa saa, ukiwasha AC inasogelea lita nzima. Umekaa kwenye jamu ya Banda dakika arobaini: umeunguza nusu lita, zaidi ya 2,500, na kilomita ulizopata ni sifuri. Halafu kuna kile cha kusogea mita tano, breki, mita tano, breki. Kila ukisogea unanunua mwendo, kila ukikanyaga breki unautupa. Mimi kwenye jamu naacha nafasi mbele yangu nikitambaa polepole bila kusimama. Kamunye (teksi za abiria) wataingia, waingie. Wawili watatu hawakupotezei dakika mbili.

Nikijua sitasogea kwa zaidi ya dakika moja nazima. Ila betri yako iwe nzima, usije ukazimia gari katikati ya Jinja Road halafu useme Mama Vitz ndiye aliyenituma.

AC: asubuhi Kampala kuna baridi, fungua dirisha. Ukishafika barabara iliyofunguka na 80 hivi, funga madirisha, maana upepo ukiingia ndani unalirudisha gari nyuma.

Dereva wa Malaba

Salaam wenzangu. Mimi ni mtu wa Mombasa, nalivuta trela huu mwaka wa kumi na tisa, Mombasa–Kampala, zaidi ya kilomita elfu moja na mia moja. Nikiwa na mzigo napata kilomita mbili kwa lita, nikienda vibaya hata hizo sipati. Tajiri hunipa mafuta kwa kipimo, nikizidisha nakatwa. Kwa hivyo haya mambo mimi nimefunzwa na mshahara.

La kwanza ni macho. Vijana wa magari madogo huangalia taa za gari la mbele tu. Mimi natazama kule mwisho. Nikiona foleni imeshika pale mbele naondoa mguu mapema, gari lenyewe linapungua, nikifika wameshaanza kusogea. Sikukanyaga breki, na wala sikulazimika kulivuta upya kutoka sifuri. Yule aliyenipita kwa kelele nakutana naye pale pale.

La pili, tafadhali sana, wacheni hii tabia ya kuweka nyutro kwenye miteremko. Naiona Mabira kila wiki. Mtu adhani anaokoa. Gari za siku hizi ukiondoa mguu ikiwa ndani ya gia, kompyuta inafunga mafuta kabisa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro injini inabidi ijishikilie yenyewe, inakula mafuta. Yaani unalipa ili ujiue, maana injini haikusaidii tena kushika gari, na mbele yako kuna trela kama langu.

Bei nazo, mkumbuke hapa ni mbali na bahari. Mafuta yanashuka Mombasa, yanasukumwa kwa bomba hadi Kisumu na Eldoret, kisha malori yanayavusha Malaba na Busia. Tangu 2024 mwagizaji ni UNOC, kampuni ya mafuta ya serikali ya Uganda, akishirikiana na Vitol, wafanyabiashara wa mafuta wa kimataifa, lakini njia ni ile ile. Njia ikikabwa mwaumia nyie. Januari 2022 nililala Malaba siku kadhaa pale madereva tulipogomea vipimo vya korona, nikasikia Kampala kuna sheli zimepita elfu kumi kwa lita. Niliagiza chai, mama muuzaji akaniambia nyie ndio mmetupandishia nauli. Akanipa chai lakini.

Kijana wa Kireka

Na mafuta ya Hoima yamegunduliwa tangu 2006. Mimi nangoja tu.

Mgeni wa Barabara

Wakuu shikamooni. Gari langu la kwanza nimelitoa bondi mwezi uliopita, naomba kuuliza vitu vitatu. (1) Ni kweli ukijaza asubuhi sana unapata mafuta mengi kwa sababu ya baridi? (2) Petroli ya bei ya juu inaenda mbali zaidi? (3) Kuna jamaa soko la Kisekka anauza sumaku ya kufunga kwenye bomba la mafuta, anasema inapunguza theluthi.

Mhesabu wa Ntinda

Marahaba.

Moja. Petroli hutanuka kama sehemu moja kwa elfu kwa kila nyuzi moja ya joto. Tuseme asubuhi ni baridi kwa nyuzi tano: kwenye lita 40 ni lita 0.2, shilingi elfu moja hivi. Lakini matangi ya sheli yamezikwa ardhini, na kule chini asubuhi na mchana karibu ni mamoja. Kwa hiyo hata hiyo elfu huioni. Jaza asubuhi kwa sababu hakuna foleni.

Mbili. Ile ya bei ya juu inastahimili mkandamizo zaidi. Kama kitabu cha gari lako kinaitaka, nunua. Kama hakiitaki, injini haitajua umeitendea wema.

Tatu. Ingekuwa kweli, Toyota wangeifunga kiwandani na kutuuzia kwa bei ya juu. Mwambie jamaa ajaze tangi lako mbele yako, mpime wiki mbili, ndipo umlipe.

Mtu wa Arua

Nyinyi wa Kampala mna sheli za kuchagua. Sisi wa huku zamani tulikuwa na vijana tuliowaita wa OPEC, wakiuza mafuta ya magendo kwenye madumu kando ya barabara, na mpaka leo ukienda vijijini utayaona kwenye chupa za maji. Nilikwama njiani nikanunua lita tano. Gari likaanza kukohoa, moshi, plagi zote nne zikawa nyeusi. Yalikuwa yamechanganywa na mafuta ya taa. Bei nilipunguziwa shilingi mia tano kwa lita, plagi zikanigharimu mara thelathini ya nilichookoa.

Hata kwenye sheli, angalieni pampu ianze sifuri na iwe na kibandiko cha UNBS (shirika la viwango) cha kukaguliwa. Na ukienda na dumu la lita ishirini unalolijua, utapata majibu bila kugombana na mtu.

Mkazi wa Entebbe

Naomba kuongezea kuhusu barabara ya kulipia. Tangu 2022 nalipa 5,000 kupita Expressway ya Kampala–Entebbe, ni kama lita moja ya petroli. Nikipita barabara ya zamani jioni nasimama karibu saa nzima kwa ujumla, lita moja hiyo hiyo kwa hesabu ya Mama Vitz. Kwa mafuta peke yake tunatoka sare. Ninachonunua pale ni kufika watoto hawajalala. Ila ukiachiwa barabara tupu mguu unakuwa mzito: nikienda 120 badala ya 90 mshale unashuka naona kwa macho.

Fundi wa Ndeeba

Mleta uzi, nimerudi, sina kinyongo. Hiyo Premio yako ni ya gia nne. Washa gari, angalia dashibodi, kuna taa ya manjano imeandikwa O/D OFF?

Msafiri wa Mukono

Nimetoka nje na tochi sasa hivi. Inawaka. Fundi, hiyo taa inawaka tangu nilinunue. Nilidhani ndivyo lilivyo.

Fundi wa Ndeeba

Hahaha! Pole ssebo. Kuna kitufe kidogo ubavuni mwa gia, chini ya kidole gumba. Kibonye mara moja, taa izimike. Miaka miwili umeendesha gari la gia nne ukitumia tatu. Mjini hutaona kitu, lakini Mukono mpaka Seeta ukiwa kwenye 80 injini ilikuwa inalia bure. Ukipanda mlima na mzigo ndipo unaizuia gia ya nne, ukimaliza unairudisha.

Mama Vitz

Nimecheka mpaka abiria ameuliza kuna nini.

Kijana wa Kireka

Mimi nimetoka kimyakimya kuangalia langu. Liko sawa. Sitasema lilikuwaje dakika tano zilizopita.

Msafiri wa Mukono

Nimerudi na tangi la kwanza baada ya kitufe. Kilomita 401, lita 34.2. Hiyo ni 11.7 kwa lita, shilingi 444 kwa kilomita. @Mhesabu wa Ntinda najua, najua, bado matangi mawili.

Jambo lingine lililotokea: baada ya kuijua bei ya kilomita, nimeanza kuliacha gari nyumbani Jumanne na Alhamisi, siku ambazo mama watoto hafanyi kazi. Kamunye inanitoza 8,000 kwenda na kurudi, naongeza 4,000 za boda mjini, jumla 12,000. Gari ni karibu 19,500 kabla ya kulipa maegesho. Siku ya mvua naghairi, siwadanganyi.

Ile ya mkate naenda kwa miguu. Isipokuwa juzi.

Dereva wa Malaba

Juzi kulikuwa na nini?

Msafiri wa Mukono

Mkate na gesi. Mtungi wa kilo 13, mzee wangu.

Dereva wa Malaba

Huo ni mzigo. Ruhusa umepata.